Sisimizi ndio wanaoleta vidukari bustanini? Tupeane dawa za asili

#1 MchichaHalisi
Wakuu, salaam. Nina bustani ya uani huku Kimara, Dar: kunde, bamia, pilipili kichaa, mchicha na mlimao mmoja. Nimewafuatilia hawa vidukari weusi, wadudu wadogo wafyonza utomvu, wanaojazana kwenye ncha changa za kunde na nimefika mahali nasema bila kumung'unya: adui namba moja ni sisimizi. Kidukari ni mfugo, sisimizi ndiye mfugaji.

Chukua simu, sogeza kamera karibu na shina. Utaona sisimizi anampapasa kidukari mgongoni kwa vipapasio, kidukari anainua nyuma, kinatoka kitone cha maji matamu, sisimizi anakifyonza halafu anahamia kwa mwingine. Shina lenye msururu wa sisimizi lina vidukari. Shina lisilo na msururu ni safi.

Kwa hiyo tuache kuhangaika kupulizia majani. Tumalize sisimizi, vidukari watajiondokea. Dawa ziwe za asili tu, hapa kuna watoto na kuku. Nani anapinga?

#2 KundeMbichi
Napinga mimi. Vidukari wanatangulia. Wakibanana kwenye mmea mmoja wanazaliwa wenye mbawa, wanaruka na upepo hadi kwa jirani. Sisimizi anakuja baadaye, amefuata utamu. Umemkuta mlevi kilabuni ukasema ndiye aliyepika pombe.

#3 Mama Bustani
Mimi sijali nani katangulia, nataka kunde zangu. Chukua mche wa sabuni ya kawaida, kwangua kijiko kimoja au viwili vya chai, yeyusha kwenye lita moja ya maji. Pulizia jioni, uvunguni mwa majani na kwenye ncha. Wakilowa wanakufa hapo hapo. Rudia baada ya siku nne au tano. Sabuni ya unga ya kufulia usiguse, inababua majani.

#4 FundiBomba
Mama Bustani, mche mzima wa sabuni unaishia kwenye kunde halafu shati la mzee linafuliwa na nini? 😂
Nimeweka kiti, naendelea kusoma.

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Vijana, hamjambo. Naona #1 na #2 kila mmoja ameshika upande wake, na pande zote zina ukweli.

Kwanza, huku kwetu kwenye joto kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, si mayai, na mtoto huyo anazaliwa akiwa na watoto wengine wanaokua tumboni mwake tayari. Kwa joto la Dar, aliyezaliwa leo anaanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana unalala shamba safi, unaamka shina limekuwa jeusi. Hahitaji kuletwa na mtu.

Pili, sisimizi kweli wanamlinda. Wanawafukuza wadudu wanaomla kidukari, na wanaondoa yale maji matamu. Yakiachwa yanagandia kwenye majani, ukungu mweusi unaota juu yake na jani linakosa mwanga. Kwa hiyo ukiwaondoa sisimizi, vidukari hawahami. Wanabaki bila ulinzi, na hapo wanaliwa, kama walaji wapo. Bustani iliyopigwa dawa kali miezi yote haina walaji, ukiondoa sisimizi pale huoni tofauti yoyote.

Mama Bustani yuko sahihi kuhusu sabuni. Niongeze kwamba sabuni inaua kwa kumgusa mdudu ikiwa mbichi. Ikishakauka haina kazi. Anayepulizia juu ya jani tu anaosha vumbi.

#6 MchichaHalisi
Shikamoo mzee. Hoja ya walaji naipokea. Lakini hata wewe umekubali sisimizi ni walinzi. Mlinzi akitoka mali inaibiwa. Mimi bado niko palepale.

#7 Sukuma_Kiambu
Habari za huko. Mimi niko Kiambu, nalima sukuma wiki. Kwangu wamejaa hawa wa rangi ya kijivu wenye unga unga, wanakunja majani ya katikati mpaka hayauziki. Na sisimizi hata mmoja sioni! Sasa mwenye uzi, hao wangu ni mifugo ya nani?

#8 KundeMbichi
Hahaaa. MchichaHalisi, jibu hilo.

#9 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba #6.
Wa sukuma na kabichi ni jamii nyingine. Huyo wa kijivu amejifunika nta, na kwa kawaida sisimizi hawamfugi. Weusi wa kunde na maharage, na wale wa michungwa, ndio wanaofugwa. Kwa hiyo kanuni ya #1 inaweza kufanya kazi kwenye kunde na isifanye lolote kwenye kabichi.

Ndugu wa Kiambu, ile nta inafanya maji yateleze. Bila sabuni dawa yako yoyote ya majani inadondoka chini. Jani la katikati lililojikunja livunje ulifukie, wale wa ndani huwafikii kwa bomba.

#10 Dodoma Zabibu
Mimi ya sabuni imenishinda kabisa. Nimefuata vipimo kama vya #3, nimepulizia uvunguni, vidukari wanaendelea na maisha yao. Ndoo inabaki na utando mweupe juu. Kuna sabuni maalumu?

#11 Mama Bustani
Unatumia maji gani?

#12 Dodoma Zabibu
Ya kisima. Ya huku kwetu yana chumvi, hata ukifua povu halitoki.

#13 Mama Bustani
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Maji yasiyotoa povu yanaila sabuni kabla haijamfikia mdudu. Huo utando mweupe ndiyo sabuni yako. Kinga maji ya mvua, au nunua dumu moja la maji laini uweke kwa ajili ya dawa tu.

#14 dawa_ya_mti
Mnazunguka wakati mwarobaini uko mlangoni. Wengi wanachemsha majani halafu wanalalamika haufanyi kazi. Nguvu iko kwenye mbegu. Okota zilizoiva, toa nyama ya nje, anika KIVULINI zikauke vizuri (zikiota ukungu tupa). Zitwange, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Sabuni kidogo itie mwishoni, unapotaka kupulizia, ili dawa ishike. Pulizia jioni maana jua linaiharibu, na usiiweke ikalala siku ya pili.

Usitegemee waanguke siku hiyo hiyo. Mwarobaini unawakatisha hamu ya kula na unawavuruga wachanga wasijivue ngozi kuwa wakubwa. Subira inatakiwa.

Anayetaka ya haraka, aloweke ugoro au majani ya tumbaku. Hiyo inalaza wote.

#15 Muuguzi wa Zamu
Dawa_ya_mti, hapo kwenye tumbaku naomba usimame. Kuwa ya asili hakuifanyi kuwa salama. Nikotini inapenya kwenye ngozi. Mtu anachanganya kwa mikono mitupu, bomba linamvujia mgongoni, baadaye kichwa kinamgonga, anatapika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Kwa mtoto mdogo ni hatari kubwa zaidi. Na huyu mleta uzi amesema ana watoto na kuku, na mchicha anauchuma kila leo. Tumbaku kwenye mboga ya majani HAPANA.

#16 Bwana Shamba Mstaafu
Naunga mkono #15. Na kuna sababu nyingine: tumbaku, nyanya, pilipili na biringanya ni ukoo mmoja. Kuna kirusi cha batobato ya tumbaku kinachovumilia hata kukaushwa. Ukipulizia maji ya ugoro kwenye nyanya unaweza kuwa unapanda ugonjwa. Hata mvuta sigara anatakiwa anawe mikono kabla ya kugusa miche.

#17 dawa_ya_mti
Nimewaelewa kwenye mboga za majani. Ila wazee wetu walitumia na mavuno yalipatikana, tusisahau hilo.

#18 Muheza Machungwa
Turudi kwa mleta uzi, maana ana mlimao. Huku kwetu machipukizi ya michungwa mvua zikianza yanashambuliwa na vidukari weusi vibaya sana. Mimi nafunga kitambaa kizito au plastiki kwenye shina, upana wa kiganja, napaka grisi juu yake. USIPAKE grisi kwenye gome lenyewe, inaunguza. Sisimizi wanafika pale wanageuza.

Watu wanaofeli wanasahau madaraja. Tawi moja likigusa ukuta, kamba ya nguo au hata nyasi ndefu, sisimizi wanapita huko. Zunguka mti wote ukate kila kinachogusa. Vumbi na majani yakigandia kwenye grisi, nayo inakuwa daraja, futa upake upya.

Halafu michungwa ina sababu ya ziada ya kuogopa vidukari: wanasambaza kirusi kinachoukausha mti polepole. Hilo halina sabuni wala mwarobaini.

#19 Korosho Mtwara
Wadau, naomba kuwatetea sisimizi kidogo, angalau ukoo mmoja. Kuna majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mti kuwa kiota. Huku kwenye mikorosho ukiwa nao kwa wingi ni bahati, wanawafukuza mbu wa mikorosho wanaofyonza machipukizi. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, huku Mtwara, wamewafanyia kazi. Mtu anayemwaga dawa ya kuua kila kinachotembea anaua askari wake mwenyewe. Ubaya wao ni siku ya kuokota tu, ukikanyaga msafara wao utajua kwa nini wanaitwa majimoto.

#20 Pemba_Karafuu
Kweli kabisa, na kwetu visiwani ni kwenye minazi. Majimoto wakikaa kileleni, yule kunguni anayefyonza nazi changa zikaanguka hapati nafasi. Mambo haya yalichunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950. Na ikaonekana majimoto wana adui: chungu wadogo wa ardhini, askari wao wana vichwa vikubwa kuliko miili. Wale wakishika shina, majimoto wanahama. Kwa hiyo kuna sisimizi wa kufukuza na sisimizi wa kukaribisha, msiwaweke kapu moja.

#21 MchichaHalisi
Korosho Mtwara na Pemba, ahsanteni, hili sikulitarajia kwenye uzi huu. Ila majimoto hawafugi vidukari?

#22 Korosho Mtwara
Wanafuga wadudu wa utamu vilevile, hasa wale magamba wanaojibandika kwenye matawi. Kwenye mkorosho faida inazidi. Kwenye kunde zako sikushauri uwapande, hata kuchuma hutaweza.

#23 Mbeya Juu
Mmesahau utupa. Huku nyanda za juu tunaupanda pembezoni mwa shamba. Majani mabichi unayatwanga, unaloweka, unachuja, unaweka sabuni. Vidukari wa maharage wanapukutika.

#24 Ziwa_Nyasa
Mbeya Juu, utupa huo huo ndio sumu ya kuvulia samaki. Mabaki ukiyamwaga karibu na kijito au bwawa umemaliza samaki wote. Tafadhali andika na hilo unapotoa ushauri.

#25 Mbeya Juu
Sahihi. Mabaki fukia kwenye mboji, bomba lioshee shambani, mbali na maji.

#26 Mwanafunzi wa Wadudu
Naongezea kwa #23. Kuna utafiti wa mwaka 2015 uliofanyika kwenye maharage kaskazini mwa Tanzania, walijaribu utupa, alizeti pori, kishona nguo na magugu mengine ya pembezoni mwa shamba. Yalipunguza vidukari na mavuno yakawa mazuri, na wadudu marafiki waliathirika kidogo kuliko pale ilipopigwa dawa ya dukani. Kishona nguo hiyo hiyo tunayoing'oa kila siku!

Sasa kwa MchichaHalisi. Sisimizi tumewachambua, vidukari tumewachambua, ila hakuna aliyeuliza unatumia mbolea gani. Mmea uliojazwa urea au samadi ya kuku mbichi unatoa machipukizi laini yenye utomvu mzuri, na kidukari anazaa zaidi pale. Kwa maoni yangu chanzo ni mbolea, sisimizi na upepo vinafuata.

Jambo jingine: tujue kuwatambua wanaotusaidia. Yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi kila mtu anamjua, lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, mweusi, ana miguu sita na madoa ya njano au ya machungwa, anatembea haraka kwenye shina. Watu wanamponda wakidhani ni kiwavi, na huyo ndiye anayekula vidukari kutwa. Ukiona pia vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia, wakavu, hawasogei, hao wametagiwa na nyigu mdogo sana. Shina la hivyo usipulizie kitu, liache.

#27 MchichaHalisi
Samadi ya kuku natumia, nakiri ni nyingi, banda liko hapo hapo. Lakini mlimao siuwekei na una vidukari.

#28 Kigoma MwishoWaReli
Hamjambo wote. Kwetu hofu ni kwenye migomba. Kuna vidukari weusi wadogo wanajificha ndani ya makoba ya mgomba, chini karibu na ardhi, na sisimizi wamezunguka. Majani mapya yanatoka membamba, yamesimama wima yamebanana juu, mgomba unadumaa, mkungu hautoki. Sabuni inasaidia?

#29 Uvira_Ndizi
Ndugu wa Kigoma, sisi ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na Burundi pia, tumeujua huo ugonjwa kabla yenu. Vidukari wanaleta kirusi. Mgomba ukishafika hapo hauponi, wala usichukue machipukizi yake kupanda au kumpa mtu. Ng'oa shina lote na kisiki chake, katakata, fukia. Wengi wanaona huruma wanaacha machipukizi, mwaka unaofuata shamba lote limejikunja. Wape habari watu wa kilimo wa eneo lako waje waone.

#30 Bwana Shamba Mstaafu
Sikilizeni #29 vizuri. Na hata kwenye maharage na mapapai, virusi vingine kidukari anaviacha kwa kuonja tu jani, sekunde chache. Hata ukimuua dakika tano baadaye, kazi imeshafanyika. Ndiyo maana kwa virusi tunasema mbegu safi na kung'oa mmea mgonjwa, dawa inabaki nyuma.

#31 FundiBomba
Swali la kweli sasa, sitanii. Jirani yangu anamwaga mafuta ya taa kwenye mashimo ya sisimizi na anapaka mashina. Na bibi anamwaga majivu. Nani yuko sahihi?

#32 Mama Bustani
Bibi. Mafuta ya taa yanaua mizizi na yanaharibu udongo, na mboga unaila. Majivu yakiwa makavu, yaliyochekechwa, nyunyiza asubuhi majani yakiwa na umande, yanawakera vidukari na yanawakausha. Mvua ikinyesha unarudia. Usirundike shinani kila wiki, udongo unakuwa mkali. Na usichanganye majivu na maji ya mwarobaini, yanaipunguzia nguvu.

#33 Sukuma_Kiambu
Na hata maji matupu jamani. Mpira wa bomba wenye presha, elekeza chini ya jani, waangushe. Wengi hawapandi tena. Kwangu imesaidia kuliko pilipili na saumu ambazo nilikuwa natwanga mpaka macho yanawaka.

#34 dawa_ya_mti
Pilipili na saumu inafukuza, haiui sana. Ichukuliwe kama kinga kabla hawajafika.

#35 Molo_Pareto
Na pareto je? Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa pareto na bado tunatwanga maua tunapulizia. Inaangusha mdudu hapo hapo, na jua linaimaliza haraka kwa hiyo haikai kwenye mboga.

#36 Mwanafunzi wa Wadudu
Inaangusha na marafiki vilevile, pamoja na nyuki. Ikibidi, pulizia magharibi nyuki wakisharudi.

#37 MchichaHalisi
Wakuu, mrejesho. Mlimao nimeuwekea grisi kama alivyosema Muheza Machungwa, nikakata tawi lililokuwa limelalia ukuta. Sisimizi hawapandi tena. Vidukari wamepungua sana na nimewaona watoto wa yule mwekundu wa madoa, kama walivyoelezwa #26. Kunde upande wa kulia nimepiga sabuni, upande wa kushoto nimemwaga maji ya moto kwenye mashimo ya sisimizi basi. Wa kulia wamekwisha. Wa kushoto sisimizi wamefungua mashimo mapya, vidukari wako vilevile.

Mlimao umenipa haki. Mada nimeshinda 😀

#38 KundeMbichi
Umeshinda mti mmoja, umeshindwa kitalu kizima. Upande wa kushoto sisimizi hukuwaondoa, uliwahamisha. Na mlimao mvua imepita, machipukizi yamekomaa, vidukari wangepungua hata bila grisi.

#39 Muheza Machungwa
Si kweli KundeMbichi. Mimi ninayo miti yenye grisi na isiyo nayo kwenye mstari mmoja, msimu uleule. Tofauti inaonekana kwa macho.

#40 Mwanafunzi wa Wadudu
Na mimi narudi kwenye samadi. Punguza kwenye kitalu kimoja, kingine acha, utuletee majibu.
Kwa rekodi, Marekani kuna sisimizi wa mashamba ya mahindi wanaohifadhi mayai ya vidukari wa mizizi kiotani wakati wa baridi, halafu wanawabeba kuwapeleka kwenye mizizi. Kwa hiyo hoja ya #1 kwamba sisimizi wanaleta si ya kubuni. Kama hawa wa Kimara wanafanya hivyo kwenye kunde, hilo ni jambo jingine.

#41 KundeMbichi
Kimara si Marekani 😄

#42 Muuguzi wa Zamu
Mliotajiwa boraksi (unga mweupe wa madini) na sukari kwenye nyuzi nyingine kama chambo cha sisimizi: inafanya kazi polepole, wanaipeleka hadi kwa malkia, lakini ni sumu mtoto akiilamba. Iwe ndani ya kopo lililofungwa lenye tundu dogo, mahali kuku na watoto hawafiki.

#43 Dodoma Zabibu
Nimepata maji ya mvua, sabuni imefanya kazi, ahsante Mama Bustani. Sasa nataka kuhamia kwenye mwarobaini. Mbegu zinaangukia miezi gani huku? Na za mwaka jana bado zinafaa?

#44 dawa_ya_mti
Miezi usiihesabu, angalia mti wenyewe: matunda yakigeuka njano na ndege wakianza kuyashambulia, tandika turubai chini. Za mwaka jana kama zilikauka kivulini na zimehifadhiwa kwenye gunia linalopitisha hewa bado zinafaa, ila ongeza kipimo kidogo. Zilizokaa kwenye mfuko wa plastiki pasua moja uangalie ndani. Ikiwa ya kijani kibichi twanga, ikiwa nyeusi achana nayo.

#45 Dodoma Zabibu
Nimepasua tatu. Mbili kijani, moja nyeusi. Natwanga zilizo kijani tu au gunia lote limeharibika?